Hondohondo wa Mzinga wa Marko

Watu wa kijiji hiki kipya wanasema Martina aligombana na shemeji yake kwa sababu ya mzinga wa nyuki. Uongo mtupu! Mzinga wenyewe haukuwa na nyuki hata mmoja, na mimi nigombane na Philipo kwa ajili ya asali, meno ya kulia asali yako wapi? Tuligombana kwa sababu ya picha. Tena picha moja tu. Nikiwaambia hivyo wananiuliza, picha ya nani, bibi? Nawaambia, ya ndege. Basi hapo wanacheka na kwenda zao.

Ngoja niwaeleze kwanza, halafu mcheke vizuri.

Nimefanya kazi wodini kwenye hospitali ya misheni, pale Kilimatinde, tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa. Nimefua mashuka, nimebeba mabeseni, nimeshikwa mikono na wanawake wanaojifungua mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipostaafu, nesi mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao akaniachia kamera yake, ile ya kukunjuka, pamoja na mikanda ya picha. Alidhani nitawapiga wajukuu. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini wajukuu wako Tabora, na nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mume wangu Marko. Marko naye akafariki. Sasa nimpige nani? Nikawapiga waliokuwepo.

Na waliokuwepo walikuwa wengi, jamani! Nyumba yetu ilikuwa tembe, chini kidogo ya mlima, yenye paa bapa la udongo ambalo unaweza kupanda ukaanika mlenda. Nyuma ya jiko palikuwa na bustani ya mchicha na vitunguu, na beseni bovu nililolijaza maji. Alfajiri wanakuja njiwa kunywa. Kisha wanakuja chozi, wale ndege wadogo wanaometameta, wananing'inia kwenye maua ya mgomba. Pimbi wanateremka kutoka kwenye majabali wakijifanya wanaota jua, kumbe wanaangalia mchicha wangu. Maisha yangu yote nilikuwa nawafukuza hao kwa fimbo. Nilipokuwa kazini sikuwa na nafasi hata ya kujua chozi ana rangi ngapi. Uzeeni ndipo nilipokaa chini nikawatazama, na nasema wazi, sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Kuwatazama ni raha. Kuwapiga picha ni mateso. Unalenga chozi, unabonyeza, unapata jani. Unalenga pimbi, unapata jabali. Kamera yenyewe ukisogea karibu mno inaona ukungu, ukikaa mbali ndege anakuwa kama punje ya ulezi. Mkanda ukiisha unaupeleka Dodoma kusafishwa. Mara ya kwanza jirani yangu Leah, aliyekuwa anakwenda huko kwa dada yake, akanipelekea. Alirudi na picha mbili tu, moja yuko peke yake, nyingine yuko na mbuzi wake.

"Na nyingine ziko wapi?" nikamuuliza.

"Yule bwana wa duka amesema nyingine hakuzichapa. Amesema hazina mtu. Anadhani ulibonyeza kwa bahati mbaya, akakuonea huruma."

Akanionea huruma! Mkanda mzima! Nilikaa kwenye kinu nikashindwa hata kutukana. Leah akaniambia, "Lakini Martina na wewe, wenzio wanatafuta mtu wa kuwapiga na nguo zao za Pasaka, wewe unapiga panya wa mawe." Leah ni rafiki yangu, ndiyo maana bado yuko hai.

Sasa hondohondo.

Marko alikuwa mtu wa nyuki. Alipofariki aliacha mizinga kadhaa porini, na mmoja nyumbani, umening'inia kwenye mti wa mkungugu nyuma ya jiko. Mnaujua mzinga wa kwetu, gogo lililotobolewa katikati likawa wazi ndani, linafungwa kwa kamba za magome na kutundikwa. Huo wa nyumbani nyuki waliuhama zamani. Ukabaki unapigwa na upepo, na kamba inalia. Sikutaka uteremshwe. Alikuwa ameuchonga mwenyewe.

Mvua za kwanza ziliponyesha mwaka ule, wakaja hondohondo wawili, wale ndege wa mdomo mkubwa uliopinda, dume ana mdomo mwekundu na jike mdomo mweusi. Wakauzunguka mzinga kama watu wanaotafuta chumba cha kupanga. Jike akachungulia ndani, akatoka, akachungulia tena. Siku chache baadaye akaingia na hakutoka. Nikapanda juu ya tembe, kwa sababu ukikaa pale mzinga uko mbele ya macho yako, nikamwona anaziba mlango kutoka ndani. Dume anamletea tope, yeye anasiliba kwa mdomo, pap, pap, pap, kama mwanamke anayesiliba ukuta. Wakaacha ufa mwembamba tu wa kupitishia chakula.

Marko aliwahi kuniambia habari hizo. Aliniambia jike akishajifunga mle ananyonyoka manyoya ya mabawa, hawezi kuruka hata ukimtoa, anakaa gizani na mayai yake na kisha na watoto, akilishwa na mumewe kupitia ufa, mpaka manyoya yaote tena. Siku hiyo anavunja ukuta na kutoka. Mimi nilimwambia Marko aache porojo za warina asali. Na sasa yote hayo yanatokea nyuma ya jiko langu! Nilikuwa na mkanda wa mwisho, umebaki picha moja. Madukani Manyoni ukiulizia mkanda wanakuangalia kana kwamba umeomba ndege ya kupanda. Nikaamua: hii moja ni ya jike anapotoka. Nikipata picha hiyo, nife. Sikutaka kitu kingine chochote mwaka ule, na sidhani kama nilikuwa naomba mengi.

Nikawa mtu wa juu ya tembe. Naanika mlenda, nashona, nasubiri. Dume anakuja na panzi, anakuja na kumbikumbi, anagonga kidogo, ncha ya mdomo mweusi inatokea kwenye ufa na kupokea. Baada ya muda nikasikia na sauti za vitoto, vinalia kama mlango mkavu. Nikajua haitachukua muda.

Hapo ndipo lilipokuja lori.

Operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa imetangazwa tangu kiangazi. Tuliambiwa sote wa mteremkoni tutahamia kijiji kipya cha ujamaa, bondeni, upande wa Saranda, mwendo wa asubuhi hadi alasiri kwa miguu ya mtu mwenye magoti. Tukafunga mizigo. Lori halikuja. Ikasemwa limeharibika, tukafungua mizigo, tukalima, mvua zikanyesha, na mtama ukaanza kuota. Tulipokwisha kusahau, lori likafufuka! Mtu anakuhamisha shamba likiwa limeota, jamani, halafu anakuambia ufurahi.

Philipo, mdogo wake marehemu Marko, ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuja kunipa habari akiwa amevua kofia, maana aliniheshimu kama mke wa kaka yake mkubwa, ingawa shemeji na shemeji hutaniana.

"Mbukwa, shemeji," akanisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa. Na hilo lori lako mwambie dereva aniache mwisho kabisa."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kuna ndege ametaga, nasubiri atoke nimpige picha. Philipo akaigeuzageuza kofia yake.

"Shemeji, kwa hiyo mimi niende kwa katibu kata, nisimame, niseme, mjane wa kaka yangu hawezi kuhamia ujamaa kwa sababu ndege wake ana uzazi?"

"Sema hivyo hivyo. Au sema naumwa. Magoti si yapo?"

Akacheka, akatingisha kichwa, lakini akaniweka safari ya mwisho. Ni mtu mwema, Philipo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya ungemtukana ukaridhika.

Ila kulikuwa na sharti moja. Viwanja kule bondeni vilikuwa vinagawiwa, na ambaye hayupo anapewa kiwanja cha pembeni kwenye mbuga ya tope. Ilinibidi niende na safari ya kwanza, nisimame kwenye kiwanja changu, nionekane, kisha nirudi na lori. Nikamchungulia hondohondo wangu asubuhi, nikaona tope la mlango limeanza kupasuka. Nikamwambia Leah, "Mwangalie," na Leah akasema haya. Nikaenda.

Kule nilisimamishwa juani mbele ya viwanja walivyovipima kwa kamba, nyumba zimepangwa mstari kama vitanda vya wodini, hakuna mti wala jabali. Nikaonyeshwa vigingi, nikaambiwa hapa ni pako mama, na tembe hairuhusiwi, jenga nyumba ya kisasa yenye paa la mgongo. Lori likakwama tope, likavutwa, likakwama tena, nikalala huko kwa watu, na nilirudi nyumbani kesho yake jua likiwa limeshapanda. Njiani tulipishana na lori jingine la Operesheni limejaa mizigo. Nikawapungia mkono.

Nilipofika nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, hata khanga sijaifunga vizuri.

Mzinga haukuwepo.

Tawi lilikuwepo, na alama nyeupe ya kamba kwenye gome. Na dume alikuwepo. Alikuwa na panzi mkubwa wa kijani mdomoni. Akatua kwenye tawi, akainamia pale ulipokuwa mlango, akagonga hewa. Akaruka, akazunguka mti, akatua tena palepale, akagonga hewa tena. Panzi bado anatupa miguu. Nilishindwa kutazama na nilishindwa kuacha kutazama. Nilikalia kinu nikalia kwa sauti, mwanamke mzima niliyeona maiti maisha yangu yote.

"Leah!" nikaita. "Leah weee! Mzinga uko wapi?"

Leah akatoka mbio mikono imejaa unga. "Si shemeji yako ameipakia mizinga yote ya Marko? Nilidhani mmekubaliana."

"Nilikuambia umwangalie!"

"Nilimwangalia! Hata alipopandishwa kwenye lori nilimwangalia!"

Nikamfuata Philipo, nikamkuta mbele ya watu, anahesabu boriti za nyumba ya mtu. Siku hiyo sikutania.

"Umeuchukua mzinga wangu kwa ruhusa ya nani?"

Mtu huyo akatabasamu! Alidhani nimekuja kumshukuru. Akaniambia hakutaka mali ya kaka yake ioze porini, amekwenda kuiteremsha mizinga yote kwa mikono yake, mmoja mmoja. "Na huu wa nyumbani nilikuta umeshauziba mdomo kwa tope, vizuri kabisa, na ufa wa kupumulia umeuacha. Nikasema kumbe shemeji naye anajua kazi, ameuandaa kwa safari."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Warina asali wa kwetu wakihamisha mzinga wenye nyuki huuziba mdomo kwa tope na mavi ya ng'ombe, na huacha ufa mwembamba nyuki wapumue. Mtu mwingine yeyote angeona kitu cha ajabu pale, angeuliza. Philipo kwa kuwa anajua kazi hakuuliza.

"Nikaugonga," akaendelea, macho yanang'aa, "nikasikia ndani wanavuma, shhh! Shemeji, nyuki wamerudi kwenye mzinga wa Marko! Nilikaribia kulia. Nimewaagiza waliokwenda nao wautundike mbali na nyumba, juu sana, wasije wakauma watu."

"Philipo," nikamwambia, "hao si nyuki. Ni mama na watoto wake. Umempandisha mzazi kwenye lori, umemwacha mumewe kwenye mti, na umewatundika mahali ambapo hakuna wa kuwapa hata chawa."

Uso ukamsawijika. Akakaa juu ya zile boriti. Nilitaka ajibu ili nimchape maneno mengine, lakini akabaki anasugua magoti.

Nilimwambia dereva anipeleke, akasema mpaka lijae. Nikamwambia aurudishe mzinga, akasema yeye anapeleka watu mbele, harudishi mizinga nyuma, na mafuta ni ya serikali. Nikapandisha vitu vyangu vyote kwa hasira, mlango wa nyumba, vyungu, kuku, kamera shingoni. Philipo akapanda nami bila kuitwa. Tulipovuka korongo maji yalikuwa yanafika kwenye ekseli, na mvua ilipiga usiku kucha, na asubuhi tukaambiwa korongo limejaa, hakuna gari la kwenda wala la kurudi. Ndivyo ilivyoisha habari ya kumrudisha kwa mumewe.

Philipo, na umri wake ule, alipanda mti akauteremsha mzinga. Tukauweka juu ya miti miwili yenye panda kwenye kiwanja changu, kimo cha kifua. Nikaweka jicho kwenye ufa. Ndani giza, harufu mbaya, na jicho moja likanitazama. Alikuwa hai. Kitoto kimoja kilikuwa kimekufa, kimoja kinahema.

Nikashika panzi, nikampitishia. Akarudi nyuma. Nikamwambia kula, mama, kula. Akanifyonya, ile shhh yake. Nilisimama pale mpaka kiuno kikakatika. Mwishowe kitoto kikafumbua mdomo, hakikujua wala kujali ni mkono wa nani, kikapokea. Mama akaona. Panzi wa pili akanipokonya kwa nguvu mpaka akanibana kidole.

Tangu siku hiyo nikawa mume wa hondohondo. Mnadhani natania? Hondohondo anakula kutwa! Watu wanajenga nyumba, mimi niko kwenye majani nimeinama, nasaka panzi na kopo. Kengele ya shamba la kijiji ikilia nachelewa, nikifika nalima mkono mmoja, mkono mwingine nimekamata mende. Watu wakanipa jina, Bibi Panzi. Katibu kata akauliza mkutanoni ni nani huyo anayekosa kazi za ujamaa, na Philipo akasimama, kofia mkononi, akasema, "Ni shemeji yangu, ndugu katibu. Analea." Katibu hakuelewa, akaandika mgonjwa. Kisha Philipo mwenyewe akaanza kuleta panzi, jioni, amewafunika kwenye kofia yake ya ubalozi. Nilikuwa nawapokea bila kumsemesha. Sikuwa nimemaliza kukasirika.

Na kamera? Ilikuwa kwenye kigoda, hatua chache kutoka kwenye mzinga, imekunjuliwa, imelengwa, imefunikwa kitambaa. Nilikuwa nimepima umbali kwa miguu yangu. Nilijisemea, nimepoteza nyumba, nimepoteza mtama, nimepoteza mti, lakini picha yangu nitaipata.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi yenye jua zuri, baada ya mvua. Nasikia ndani ya mzinga, ko, ko, ko. Tope linadondoka. Nikaruka kwenda kwenye kamera, magoti yakiwa yamesahau kuuma, nikavua kitambaa, kidole kwenye kitufe. Mdomo mweusi ukatokea. Kichwa kikatokea. Na Philipo naye akatokea!

"Shemeji, shika upesi, wanatoroka!" Akanisukumia kofia ya panzi tumboni.

Nikaipokea. Mimi mjinga nikaipokea, kwa mikono miwili, maana nilikuwa nimezoea kupokea. Papo hapo ukuta ukavunjika na hondohondo akatoka mzima mzima, mabawa mapya yanang'aa, akakaa kwenye mdomo wa mzinga kama malkia. Nikaitupa kofia, nikaikwapua kamera. Panzi wakatapakaa kila mahali, na yeye akawaona, akateremka kuwafuata, anarukaruka miguuni pangu, karibu kiasi kwamba kamera ingeona ukungu tu. Nikarudi nyuma, akanifuata. Nikarudi tena, akanifuata, anataka nimpe. Philipo amesimama kwenye jua, kivuli chake kimemfunika ndege. "Toka hapo!" nikapiga kelele, na kwa ile kelele hondohondo akaruka, akapita juu ya vigingi vya watu, akaenda kutua kwenye mti wa mbali, nikabaki na kamera mkononi na mzinga wenye tundu.

Nilimwambia Philipo maneno ambayo sitayarudia. Hayo ndiyo watu waliyoyasikia, hayo ndiyo wanayoyaita ugomvi wa mzinga.

Mama alirudi. Alikuwa akija kukilisha kitoto chake, nacho kitoto kikaziba tena lile tundu kwa tope, peke yake, hakuna aliyekifundisha. Baadaye kikatoka nacho, nikiwa shambani kwenye zamu. Sikuona. Niliwakuta wote wawili juu ya mlango wangu uliokuwa bado haujapata nyumba. Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Lakini usiku nilikuwa namwona yule dume, na panzi wake, anagonga hewa. Niliona kama ndiye pekee anayejua nilivyo. Marko alipofariki nilipika ugali wa watu wawili muda mrefu sana, nikausukuma upande wa pili wa meza, nikautazama unapoa. Basi nilimhurumia ndege yule kuliko nilivyowahi kumhurumia binadamu.

Korongo lilipokauka, lori likawa linarudi juu kuchukua boriti zilizobaki. Nikamwambia dereva, leo unanichukua, na aliponitazama usoni hakuuliza. Picha yangu moja nilikuwa nayo. Nilitaka kumpiga dume kwenye lile tawi tupu. Nilisema, kama sikupata ya furaha, basi nipate hii, angalau kuwe na mtu aliyeona.

Tembe yetu ilikuwa imebomolewa paa, na mchicha umeota mpaka jikoni. Pimbi walikuwa wamekaa kwenye kizingiti changu bila hata aibu. Nikakaa kwenye ukuta uliobaki, nikakunjua kamera, nikasubiri.

Akaja. Nilimjua, ana pengo kwenye mdomo wake mwekundu upande wa kushoto. Alikuwa na kumbikumbi mdomoni, na moyo wangu ukapasuka, nikasema masikini ya Mungu, mpaka leo. Akapita lile tawi tupu bila kulitazama. Akaenda kwenye mkwaju wa Leah, penye tundu la zamani la ndege kigogota, na tundu lilikuwa limezibwa kwa tope bichi. Akagonga kidogo. Ncha ya mdomo mweusi ikatokea kwenye ufa, ikapokea.

Alikuwa ameoa!

Mke wake na mtoto wako bondeni wamehamishwa, mimi nimevunja kiuno kuwalisha, nimelia usiku, nimepanda lori, na yeye huku amesiliba nyumba nyingine! "We mwanaume!" nikamwambia. Hakushtuka. Alijisogeza kwenye tawi, jua likampiga sawasawa, mdomo mwekundu, kifua cheupe, ufa wa tope nyuma yake, umbali uleule ambao kamera inaupenda. Akatulia. Tangu nianze kazi hii ya kijinga hakuna mnyama wala ndege aliyewahi kunitulia hivyo.

Nilimlenga. Nilimwona kwenye kioo, wazi kabisa, kila unyoya. Kidole kilikuwa kwenye kitufe na nilikaa naye hivyo mpaka dereva akaanza kupiga honi. Kisha nikaikunja kamera bila kubonyeza, nikaitia kwenye mfuko, nikarudi kwenye lori nikiwa nalia na kutukana kwa pamoja, na dereva akaniuliza kama nimepata nilichofuata, nikamwambia aendeshe gari.